Jamsetji Tata na Swali la Ajira

Nchini India siku hizi kuwafundisha watu kazi kumekuwa ni kazi yenyewe, tena yenye faida. Tangu kampuni ya NIIT ilipoanza kuuza masomo ya kompyuta mwaka 1981, biashara ya kuwaandaa vijana kwa ajira imekua mwaka hata mwaka. Mwaka 2008 Serikali ya nchi hiyo, kwa ubia na kampuni za watu binafsi, iliunda Shirika la Taifa la Kuendeleza Ustadi. Mwaka uliofuata ikatangaza lengo la kuwapa ustadi watu milioni 500 ifikapo 2022, na mwaka 2015 ikaanzisha mpango wa mafunzo mafupi ambao gharama zake hulipwa na hazina ya umma. Mwaka 2022 ulipita bila ya lengo lile kufikiwa. Ripoti ya Serikali yenyewe juu ya hali ya uchumi ya 2023-24 ilikadiria kwamba katika kila vijana 100 ni kiasi cha 51 tu wanaofaa kuajiriwa.

Kwa hiyo hapana budi kuuliza: je, kijana aliyenunua mafunzo amenunua na kazi? Katika kulitafakari swali hilo, twaona yafaa kuyakumbuka maisha ya Jamsetji Nusserwanji Tata. Mtu huyu hakuwa mwalimu, wala hakufungua shule ya kuuza masomo. Alikuwa mfanyabiashara. Lakini katika historia ya India ni wachache waliolielewa kama yeye fungamano lililopo kati ya ustadi na mahali pa kuutumia ustadi huo.

Jamsetji alizaliwa tarehe 3 Machi 1839 katika mji wa Navsari, Gujarat, katika ukoo wa makuhani wa Kiparsi. Baba yake, Nusserwanji, aliiacha kazi ya ukuhani akahamia Bombay, mji ambao leo unaitwa Mumbai, akafanya biashara. Kijana akasoma katika Chuo cha Elphinstone, akamaliza mwaka 1858 na kujiunga na shughuli za baba yake, zilizokuwa pamoja na uuzaji wa pamba na afyuni nchini China. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani bei ya pamba ya India ilipanda mno. Vita vilipokwisha mwaka 1865 ikaporomoka, na nyumba nyingi za biashara za Bombay zikafilisika. Jamsetji, aliyekuwa Uingereza wakati huo, ilimbidi awakabili wadai wa kampuni yao uso kwa uso.

Mwaka 1868 alianza upya na kampuni yake mwenyewe kwa mtaji wa rupia elfu 21. Mwaka uliofuata akanunua kinu cha mafuta kilichofilisika, akakigeuza kuwa kiwanda cha pamba, na baada ya miaka miwili hivi akakiuza kwa faida. Kisha akafanya jambo lililowashangaza wenye mali wa Bombay. Badala ya kujenga hapo mjini walipokwisha kujenga wenziwe, alikwenda Nagpur, katikati ya nchi, karibu na mashamba ya pamba. Huko tarehe 1 Januari 1877, siku ileile Malkia Victoria alipotangazwa kuwa Malikia Mkuu wa India, kiwanda chake cha nyuzi na nguo kilifunguliwa, nacho kikapewa jina la Empress Mills.

Nagpur ilikuwa na pamba lakini haikuwa na mafundi wa viwanda. Watu wake walikuwa wakulima na vibarua wasiozoea kufuata saa ya mashine. Hata meneja aliyemchagua, Bezonji Dadabhai Mehta, alitoka katika kazi za reli na hakuwa na ujuzi wa pamba. Hapa ndipo tunapoiona tabia ya Tata. Hakungoja shule imletee watu waliokwisha kuiva. Aliwachukua watu aliowapata, akawafundisha humo humo kiwandani. Vijana waliohitimu masomo walipokelewa kama wanagenzi, wakajifunza kazi kwa mikono yao. Ili wafanyakazi wasiondoke na ustadi wao, mwaka 1886 ulianzishwa mfuko wa malipo ya uzeeni, na mwaka 1895 fidia kwa walioumia kazini. Mambo hayo yalikuwa hayajalazimishwa na sheria yoyote ya India.

Tusimfanye malaika. Mwaka uleule wa 1877 wafanyakazi wa Empress Mills waligoma kwa ajili ya mishahara, na saa za kazi katika viwanda vya zama hizo zilikuwa ndefu mno. Tata alitafuta faida, naye aliipata. Lakini alitambua kwamba mwenye kuihitaji kazi ya fundi ndiye apasaye kubeba gharama za kumfanya awe fundi.

Mwaka 1892 alianzisha mfuko wa kuwasomesha Wahindi katika nchi za ng'ambo. Fedha hizo hazikuwa sadaka, bali mkopo ambao mwanafunzi angeulipa baada ya kupata kazi, ili umsaidie na mwingine. Mwaka 1898 akatoa ahadi kubwa zaidi: mali yenye thamani ya rupia laki 30, iliyohesabiwa kuwa nusu ya utajiri wake, ili kijengwe chuo kikuu cha sayansi na utafiti.

Mwishoni mwa mwaka huo ujumbe ulimpelekea mpango huo Lord Curzon, gavana mkuu mpya, aliyekuwa ndiyo kwanza awasili. Curzon aliingiwa na shaka. Alitaka kujua kama wangepatikana wanafunzi wa kutosha, na kama wahitimu wangepata kazi za kufanya. Miaka ikapita kwa kamati na barua.

Lazima tukiri kwamba Curzon, ingawa alikuwa mtawala wa kikoloni, aliuliza swali la haki. Chuo kinachotoa wataalamu wasio na mahali pa kufanya kazi hulimbikiza manung'uniko. Lakini Tata hakulijibu kwa maneno. Wakati chuo kingali katika makaratasi, yeye alikuwa akitafuta madini ya chuma na makaa ya mawe, na kupima maji ya milima ya Ghats ili yazalishe umeme wa Bombay. Mwaka 1902 alisafiri mpaka Marekani, akavitembelea viwanda vya chuma vya Pittsburgh na kuwatafuta wahandisi wa kumshauri. Kwake yeye chuo, tanuri la chuma na mtambo wa umeme yalikuwa mafiga matatu ya chungu kimoja.

Hakuuona mwisho wake. Alifariki tarehe 19 Mei 1904 huko Bad Nauheim, Ujerumani, akazikwa Uingereza. Wanawe, Dorabji na Ratanji, na wenzao wakaiendeleza kazi. Kampuni ya chuma iliundwa mwaka 1907, na chuma cha pua cha kwanza kikatoka mwaka 1912. Chuo cha sayansi kilianzishwa Bangalore mwaka 1909, katika ardhi iliyotolewa na utawala wa Mysore, kikapokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1911. Mji wa chuma ukaitwa Jamshedpur kwa heshima yake. Kwa kuwa kazi nyingi za kitaalamu katika matanuri hayo zilikuwa mikononi mwa wageni, mwaka 1921 kampuni ilifungua hapo taasisi ya ufundi, ili Wahindi wajifunze na kuzishika kazi hizo. Kazi ilikuwapo kwanza, ndipo darasa likajengwa kando yake.

Utaratibu huu ndio uliogeuzwa juu chini na biashara ya leo. Darasa hujengwa kwanza, cheti hutolewa, kisha kijana huambiwa aende akatafute. India huru haikukosa onyo. Sheria ya Wanagenzi ya 1961 iliwataka waajiri wapokee wanagenzi viwandani mwao. Na mwaka 2016 kamati ya Serikali iliyoongozwa na Sharada Prasad ilieleza kwamba malengo yaliyowekwa yalikuwa makubwa kupita kiasi, na kwamba mafunzo hayakushikamana vema na mahitaji ya viwanda. Mahali ambapo mwalimu hulipwa kwa kuhesabu vichwa darasani, vichwa vitaongezeka. Mikono yenye kazi ni hesabu nyingine.

Jambo hili halituhusu kwa mbali tu. Vijana wa Afrika Mashariki wamekuwa wakienda India kusoma kwa miaka mingi, na mwaka 2023 taasisi ya teknolojia ya Madras ilifungua tawi lake Zanzibar. Twaipokea elimu hiyo kwa mikono miwili. Lakini yeyote anayetujia na mafunzo ya kazi, awe mgeni au mwenyeji, na aulizwe swali la Curzon: hawa watakaohitimu watafanya kazi wapi? Na waajiri wanaolalamika kila siku kwamba vijana hawana ustadi nao waulizwe: ninyi wenyewe mmemfundisha nani?

Kuogelea hakufundishwi nchi kavu. Mzazi anayeuza ng'ombe au shamba ili mwanawe apate cheti ana haki ya kuonyeshwa, kabla hajatoa senti, karakana inayomngoja mtoto huyo.