Mwenye Shoto Aliyelipindua Gitaa

Lugha yetu haijamtendea haki mtu mwenye shoto. Mkono mmoja tumeuita wa kulia, yaani ule tunaoutumia kula, na pia wa kuume, kwa kuunasibisha na nguvu za mwanamume. Mkono wa pili wahenga waliuita wa kike, na katika vinywa vyao jina hilo halikuwa la kusifu. Basi mtoto anayezaliwa akiutegemea mkono huo huyaanza maisha akiwa amekwisha kuhukumiwa na msamiati. Akiingia darasani hukumu hutekelezwa: kalamu huhamishwa kwa nguvu kutoka mkono huu hadi ule, naye mwalimu, kwa nia njema kabisa, hutaja methali ya samaki na kumkunja angali mbichi.

Kwa sababu hiyo nimeona vyema kuwasimulia walimu na wanafunzi maisha ya mwanamke mmoja wa Marekani ambaye hakukunjwa na mtu. Jina lake ni Elizabeth Cotten. Wapigaji gitaa wa dunia nzima wanamjua, na wengi wao hujifunza wimbo wake mmoja katika miezi ya kwanza kabisa ya kulishika gitaa. Hata hivyo, ni wachache wanaojua jinsi alivyolipata gitaa lake la kwanza, na ni muda gani lilikaa kimya kabla ya dunia kumsikia.

Alizaliwa mwaka wa 1893 karibu na Carrboro, katika jimbo la North Carolina, akiwa kitindamimba katika familia ya watoto watano. Mamaye alikuwa mkunga. Reli ilipita karibu na nyumbani kwao, na mlio wa garimoshi la mizigo usiku ulikuwa sehemu ya utoto wake. Nyumbani hakuwa na jina rasmi. Aliitwa tu kwa vijina vya mapenzi ambavyo mdogo wa mwisho hupewa na nduguze. Siku ya kwanza shuleni mwalimu alipomuuliza jina, binti huyo alijichagulia papo hapo: Elizabeth. Mimi kama mtu wa isimu kisa hiki hunivutia mno. Wengi wetu hupewa majina kabla ya kuweza kuyakataa. Huyu alijibatiza mwenyewe mbele ya darasa, na jina likamkaa.

Shule yenyewe hakuimaliza. Akiwa na umri wa miaka tisa hivi aliiacha akaingia kazi za nyumbani katika nyumba za Wazungu. Karibu na kwao palikuwa na mji wa Chapel Hill, wenye chuo kikuu cha jimbo, chuo kikongwe chenye sifa kubwa. Chuo hicho hakikumpokea mwanafunzi Mweusi hata mmoja hadi mwaka wa 1951, na hapo ni baada ya kulazimishwa na mahakama. Binti wa mkunga aliweza kufagia na kupika katika mji wa maarifa, lakini mlango wa maarifa yenyewe ulikuwa umefungwa kwa rangi ya ngozi yake.

Elimu yake ya muziki ilianzia katika chumba cha kakaye. Kaka huyo alikuwa na banjo, na kila alipokwenda kazini mdogo wake aliichukua akaicheza kwa siri. Banjo ilikuwa imetiwa nyuzi kwa ajili ya mtu anayetumia mkono wa kulia. Elizabeth alikuwa na shoto. Kuzipanga nyuzi upya kungekuwa kuiharibu mali ya mwenyewe na kujifichua. Kwa hiyo aliipindua banjo juu chini, akaanza kuutafuta wimbo mahali ulipokuwa. Hapakuwa na mtu wa kumwambia kwamba haifanywi hivyo.

Kaka alipohama aliondoka na banjo yake, na nyumba ikanyamaza. Hapo ndipo binti alipoazimia kuwa na chombo chake mwenyewe. Ujira wake haukuzidi dola moja kwa mwezi, na mamaye ndiye aliyekuwa akimwekea. Haba na haba, akiba ikatosha gitaa la bei ya dola 3 na senti 75. Lilikuwa gitaa la bei ya chini kabisa, lenye jina la Stella, la aina iliyotengenezwa kwa wingi kwa ajili ya watu wa kipato chake. Tukilipima kwa kazi, lilikuwa zaidi ya miezi mitatu ya kufua, kupika na kulea watoto wa watu wengine.

Nasimama hapa kidogo kwa ajili ya wanafunzi, kwa sababu swali la gitaa la kwanza huulizwa kila mwaka na kila mwaka hujibiwa kwa bei. Gitaa zuri la mwanafunzi si lazima liwe la thamani kubwa. Huchunguzwa kwa mambo machache. Shingo yake iwe imenyooka. Nyuzi zisiwe juu mno kutoka kwenye shingo, kwani zikiwa juu, kidole huumia bure na mtoto huacha katika juma la pili akidhani hana kipaji. Vifungo vya kukazia nyuzi visilegee, la sivyo kila wimbo utaharibika katikati. Ukubwa wake ulingane na mwili wa anayelishika. Nyuzi za nailoni ni laini kwa vidole vichanga. Za chuma huuma zaidi mwanzoni lakini zina mlio mkali. Mengine yote hutegemea saa ambazo mtu yuko tayari kuketi nalo, na Elizabeth alikuwa tayari kuketi nalo usiku kucha, hata mamaye akamsihi alale.

Gitaa hilo nalo alilipindua. Ili msomaji aelewe uzito wa jambo hili, inafaa tueleze gitaa linavyofanya kazi. Lina nyuzi sita. Mpigaji wa kawaida hubana nyuzi kwenye shingo kwa mkono wa kushoto na kuzicharaza kwa mkono wa kulia. Nyuzi nene zenye sauti nzito huwa juu, karibu na kidevu chake, nazo huangukia kidole gumba. Nyembamba huwa chini, nazo huangukia vidole vingine. Ndivyo wafanyavyo karibu wote wanaocharaza kwa vidole, wakiwemo mabingwa wa ukanda wetu. Jean-Bosco Mwenda wa Katanga, aliyeimba kwa Kiswahili na ambaye Hugh Tracey alimrekodi mwaka wa 1952, alitumia kidole gumba na cha shahada tu: gumba likashika mwendo wa chini, shahada ikatembea na sauti ya juu. George Mukabi wa magharibi mwa Kenya naye alijulikana kwa ucharazaji wa vidole.

Gitaa likipinduliwa, mpangilio huo wote hubadilika. Nyuzi nyembamba hupanda juu na nene hushuka chini. Elizabeth alilazimika kuzipiga nyuzi nzito kwa vidole na kuuimbisha wimbo wenyewe kwa kidole gumba. Gumba lina nguvu kuliko kidole kingine chochote, kwa hiyo wimbo ulitoka mzito na wazi, huku sauti za chini zikitembea kwa wepesi usio wa kawaida. Mtu anayejaribu kumwiga akiwa ameshika gitaa kwa njia ya kawaida hupata noti zote, lakini hapati uzito ule. Jimi Hendrix, mwenye shoto aliyekuja baadaye, alilipindua gitaa la watu wa mkono wa kulia lakini akazipanga upya nyuzi. Elizabeth hakupanga kitu upya. Aliukubali ugumu wa chombo kama kilivyokuwa, na ndani ya ugumu huo akapata sauti ambayo hakuna aliyekuwa nayo.

Kabla hajatoka katika miaka ya ujana wa kwanza, alitunga wimbo kuhusu lile garimoshi la mizigo lililopita karibu na kwao. Wimbo huo, "Freight Train", ndio hadi leo unaofundishiwa wanafunzi wa gitaa katika nchi nyingi. Aliutunga mtoto aliyefukuzwa shule na umaskini.

Kisha ukaja ukimya. Aliolewa angali kijana na Frank Cotten, akapata binti mmoja, na watu wa kanisa wakamshauri kwamba nyimbo za kidunia hazimfai mke mcha Mungu. Akaliweka gitaa chini. Miaka ikapita, miongo ikafuata. Ndoa ikavunjika, akahamia Washington kwa binti yake, akaendelea na kazi zilezile za mikono.

Siku moja, akiwa ameajiriwa katika duka kubwa la mjini humo, alimkuta mtoto wa kike aliyepotea, akamrudisha kwa mamaye. Mtoto huyo alikuwa Peggy Seeger, na mamaye alikuwa Ruth Crawford Seeger, mtunzi maarufu wa muziki. Urafiki mdogo ulizaliwa pale, na baadaye Elizabeth akaenda kufanya kazi katika nyumba yao. Alipika na kupiga pasi katika nyumba iliyojaa vyombo vya muziki na wasomi wa nyimbo za jadi. Wasomi hao walikuwa wakizitafuta nyimbo za watu wa kawaida kila pembe ya Marekani. Hawakujua kwamba mmoja wa watu hao alikuwa jikoni mwao. Hatimaye watoto wa nyumba walimfumania akipiga gitaa lililokuwa limetundikwa ukutani. Vidole vilikuwa vimekumbuka.

Kijana wa nyumba hiyo, Mike Seeger, alianza kumrekodi, na mwaka wa 1958 albamu yake ya kwanza ikatolewa na kampuni ya Folkways. Mwimbaji chipukizi huyo alikuwa amepita umri wa miaka 60. Lakini wimbo ulikuwa umemtangulia. Peggy alikuwa ameuimba Uingereza, na mwaka wa 1957 rekodi ya Chas McDevitt na Nancy Whiskey ikavuma mno huko, huku majina ya watu wengine yakiandikwa kuwa ndio watunzi. Ilibidi haki yake ipiganiwe ndipo jina lake likatambuliwa. Sisi tuliosikia mabishano ya miaka mingi kuhusu nani aliyetunga "Malaika" hatuna haja ya kufafanuliwa jinsi wimbo unavyoweza kuwa na baba wengi ukishaanza kuleta fedha.

Alipanda jukwaani pamoja na Mike mwaka wa 1960, na mwaka wa 1964 akaimba katika tamasha la Newport. Kwa miaka kadhaa bado alifanya kazi za nyumbani huku akirekodi na kusafiri. Fedha za muziki zilimwezesha hatimaye kununua nyumba mjini Syracuse. Mwaka wa 1984 taifa lake lilimtunukia nishani ya urithi wa sanaa za jadi, na mwaka uliofuata akapokea tuzo ya Grammy akiwa amepita miaka 90. Alifariki Juni 29, 1987. Mwaka wa 2022 jina lake liliingizwa katika jumba la heshima la muziki wa roki, miongoni mwa waliowaathiri waliofuata.

Wapo watakaoyasoma maisha haya wakasema kwamba yanathibitisha kuwa mwalimu hahitajiki. Siafiki. Elizabeth alipoteza takribani miaka 40 kwa kukosa mtu wa kumwambia kwamba alichokuwa nacho kilikuwa na thamani. Mwalimu mmoja tu mwenye busara angeweza kuufupisha ukimya huo. Lakini pia mwalimu mmoja mkali, mwenye rula mkononi, angeweza kumgeuza akacheza kama watu wengine wote, na leo tusingekuwa na la kusimulia. Kwa hivyo suala si kuwepo au kutokuwepo kwa mwalimu. Suala ni kama mwalimu humtazama mwanafunzi kabla ya kumsahihisha.

Napendekeza mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji fedha za wizara. Kwanza, mwalimu anayepokea darasa jipya aulize ni nani wenye shoto, aandike majina yao, na amketishe kila mmoja mahali ambapo kiwiko chake hakigongani na cha jirani. Kalamu ibaki katika mkono uliochagua. Pili, ala za muziki zilizofungiwa kabatini zikisubiri msimu wa tamasha zitolewe ziguswe na watoto mwaka mzima. Ala iliyochakaa kwa kutumiwa imefanya kazi yake. Iliyong'aa kwa kufungiwa haijamfundisha mtu.

La tatu linatuhusu sisi wenye mishahara. Katika nyumba zetu nyingi mna msichana aliyeacha masomo ili kutulelea watoto. Tunajua anavyopika na saa anayoamka. Wangapi kati yetu tumewahi kumuuliza anaimba nini akiwa peke yake, au angependa kujifunza nini jioni kazi ikiisha? Familia ya Seeger ilikuwa ya wanamuziki waliobobea, na hata wao walichukua muda kumsikia mtu wa jikoni mwao. Sisi tusio wanamuziki tutahitaji kutega sikio zaidi yao, na tuanze jioni ya leo.