Luambo Makiadi Franco: mwimbaji aliyeingia buloko juu ya nyimbo mbili

Kila mwaka, tarehe 12 Oktoba ikikaribia, mwenye nyumba ya video hapa kwetu Lusangi anatafuta mafuta ya grupu na kutuonyesha picha za zamani za TP OK Jazz. Watu wanatoka mashimoni na matope miguuni, wamama wanaacha vinu vya kutwangia mawe, watoto wanakaa chini mbele kabisa. Mara ya mwisho tulipokusanyika hivyo, kijana mmoja alisimama akaomba zipigwe zile nyimbo mbili ambazo Serikali ilizikataza mwaka 1978. Wamama wakashika watoto wao wakatoka. Wazee wakaanza kelele. Grupu ikazimwa, na sisi wa komite ya sendika tukaombwa kupatanisha watu. Tuliona kwamba wengi walikuwa wanagombana juu ya jambo wasilolijua. Basi, ndugu wachimbaji na jamaa zenu, leo tunaandika maisha ya mtu huyu tangu mwanzo.

François Luambo Makiadi alizaliwa tarehe 6 Julai 1938 kule Sona-Bata, Bas-Congo. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli. Jamaa ilihamia Léopoldville, mji ambao leo ni Kinshasa, na hapo baba alikufa wakati Luambo angali mtoto. Mama akabaki na mzigo wote. Akakaanga mikate na kuiuza katika soko la Ngiri-Ngiri. Masomo ya mtoto yakaishia hapo. Wengi wetu tunaelewa jambo hili bila kuelezwa, juu ni hivyo hivyo tulivyoingia shimoni: mzazi amekufa, pesa ya shule hakuna, mtoto anabeba nyundo.

Luambo yeye alibeba gita. La kwanza alilitengeneza mwenyewe kwa mkebe na nyaya, akawa analipiga mbele ya meza ya mama ili wanunuzi wasimame. Ebengo Dewayon, aliyekuwa mpigaji mzuri, akamfundisha. Mwaka 1953, akiwa na miaka 15, aliingia studio ya Loningisa, ya wafanyabiashara Wagiriki. Mwaka 1956 yeye na wenzake wakaanzisha OK Jazz. Jina hilo lilitoka kwenye baa ya Oscar Kashama walikokuwa wanapiga. Watu wakafupisha jina lake wakamwita Franco, na Franco akabaki mpaka kufa.

Kazi yake ilikuwa kubwa mno. Kwa miaka zaidi ya 30 alitoa mamia ya nyimbo. Orchestra yake ilikua mpaka kupita watu 20 jukwaani, na jina likawa TP OK Jazz, yaani Tout Puissant. Wakati wa Sominki, wazazi wetu walikuwa wanasikia gita lake kwenye redio jioni, katika kambi za wafanyakazi. Lingala yetu sisi watu wa Maniema, tunaosema Kiswahili tangu wakati wa Tippu Tip, tulijifunza kwa askari na kwa Franco.

Kuhusu Serikali, maisha yake hayakwenda kwenye mstari mmoja. Mwezi wa Juni 1966 Mobutu alinyonga mbele ya watu Évariste Kimba na wenzake watatu, waliokuwa wakubwa wa Serikali kabla yake. Baadaye Franco akatoa wimbo Luvumbu Ndoki, juu ya mchawi anayekula watu wake. Kila mtu alielewa. Wimbo ulikamatwa, yeye akahojiwa, kisha akavuka mto kwenda Brazzaville mpaka mambo yatulie. Lakini miaka iliyofuata alikuwa mwimbaji wa Mobutu. Aliimba mambo ya authenticité, akaacha jina François, akapewa kiwanda cha kutengeneza sahani za muziki cha Mazadis, akafungua klabu yake Un-Deux-Trois pale Matonge. Mwaka 1984 alitoa sahani nzima ya kumsifu Mobutu mgombea, katika uchaguzi ambao mgombea alikuwa mmoja tu.

Sisi wa sendika kuko jambo linalotugusa zaidi. Franco alikuwa prezidenti wa UMUZA, sendika ya wanamuziki wa Zaïre. Papo hapo alikuwa patron wa orchestra kubwa kupita zote, na pia rafiki wa mamlaka. Tunajiuliza mwanamuziki mdogo aliyekosa mushahara wake angemlalamikia nani. Tunasema hivi bila chuki, juu hata kwenye mashimo yetu tumeona mtu anayesemea wachimbaji mchana, na usiku anagawana na mwenye kununua mali yao.

Tufike sasa mwaka 1978. Wakati ule nyimbo zote zilipaswa kupita mbele ya komisyo ya censure. Franco akatoa kaseti ambazo hazikupita huko, na ndani yake mlikuwa nyimbo mbili, Hélène na Jacky. Zilitaja mambo ya kitandani waziwazi, kwa maneno ambayo mtu hawezi kuyasema mbele ya mkwe wake. Kaseti zikatembea mkono kwa mkono. Ndipo parquet ikamwita. Procureur général alikuwa Kengo wa Dondo.

Yaliyotokea hapo yamesimuliwa sana Kinshasa, na mpaka leo yanasimuliwa. Franco alikana, akasema nyimbo zake hazina ubaya wowote. Procureur hakubishana naye. Aliagiza mama yake Franco aletwe, yule mama wa mikate ya Ngiri-Ngiri, akaketishwa kwenye kiti, kisha kaseti ikawashwa. Mwana alikuwa amesimama pale, mama anasikiliza sauti ya mwanawe ikisema yale maneno. Haya ikamshika mama, na Franco hakuwa na la kujibu tena. Alihukumiwa kufungwa pamoja na wanamuziki wake kadhaa. Medali aliyokuwa amepewa na Serikali ile ile ikaondolewa. Hakumaliza muda wote wa hukumu, aliachiliwa mapema, lakini watu walikuwa wamekwisha kumwona mukubwa wao akipelekwa buloko.

Hapo ndipo ugomvi wetu wa nyumba ya video ulipoanzia. Vijana wanasema Franco alionewa, juu wakubwa wenyewe walikuwa wanafanya mabaya kupita yale aliyoyaimba. Ni kweli kwamba utawala ule haukuwa mwalimu wa adabu. Tena Serikali iliyomwacha amsifu Mobutu kwa miaka haikuwa na haraka ya kupima maneno yake siku zile. Lakini wamama nao wako na neno lao, na tumelisikiliza. Kwa miaka mingi Franco aliimba wanawake kama watu wa tamaa, wa wivu, wa kuuza mwili. Wengine wanasema alikuwa anatoa malalamiko yao nje, kama katika Mamou, ambapo mke na rafiki yake wanafunuliana siri. Wengine wanasema alikuwa anauza aibu yao. Sisi tunaona alifanya yote mawili. Lakini mama anayetwanga mawe hapa kwetu anajua aibu ya aina nyingine: kuambiwa kwamba hatapata mawe ya kutwanga mpaka akubali kwanza kwenda na mwenye shimo. Mtu wa namna hiyo hatujaona akiletwa mbele ya mama yake kusikilizishwa maneno yake.

Baada ya buloko Franco alirudi kwenye kazi, na nyimbo zake kubwa nyingine zilikuwa bado mbele. Mwaka 1985 alitoa Mario, juu ya kijana mwenye diploma nyingi anayelishwa na mwanamke mkubwa kwa umri. Ni mwaka ule ule bei ya étain ilipoanguka duniani, na kazi ya Sominki ikaanza kufa. Wazee wanakumbuka wimbo ule pamoja na barua za kufukuzwa kazi. Mwaka 1987 alitoa Attention na SIDA, wimbo mrefu wa kuonya wanafunzi, wazazi, waganga na wafanyakazi wote. Mtu aliyefungwa kwa kutaja kitanda waziwazi ndiye sasa aliyesimama kusema kwamba kunyamaza juu ya kitanda kunaua. Mwili wake ulikuwa unakonda, na watu wakaanza kusema mengi. Alikufa Namur, Ubelgiji, tarehe 12 Oktoba 1989, akiwa na miaka 51. Mobutu akatangaza siku nne za maombolezo. Alizikwa Kinshasa katika makaburi ya Gombe, na redio ilipiga nyimbo zake mchana na usiku.

Hivi ndivyo tulivyoamua baada ya mazungumzo ya jioni tatu. Picha za OK Jazz zitaendelea kuonyeshwa kila Oktoba, watoto wakae mbele kama kawaida. Hélène na Jacky hazitapigwa pale. Mtu mzima anayezitaka azisikilize nyumbani kwake, nasi hatutamfuata. Kuhusu picha chafu zinazopita siku hizi katika telefoni za vijana mashimoni, kila baba na mama aangalie telefoni ya mtoto wake. Wamama waliotoka siku ile waliomba jambo moja zaidi, nasi tumekubali: kabla ya grupu kuwashwa, komite itakaa nao kwanza, na kila mama anayeombwa mwili wake ili apate kazi ataweza kumtaja mwenye shimo huyo mbele yetu. Mkutano wa kwanza ni Jumapili, baada ya ibada.