Paul Robeson: Fanani Aliyetengwa na Hadhira Yake

Kila mwanafunzi wa fasihi simulizi hufundishwa mapema kwamba utendaji haukamiliki pasipo hadhira. Fanani huimba, hadhira hupokea, huitikia, huguna, na hapo ndipo wimbo unapotimia. Aghalabu kanuni hii hutolewa mifano ya ngoma na majigambo ya kwetu. Makala haya yanaitazama kupitia maisha ya Mmarekani Mweusi ambaye serikali ya nchi yake ilijitahidi kumtenga na hadhira kwa miaka minane. Huyu ni Paul Robeson, mwimbaji, mwigizaji na, jambo ambalo wengi wetu hatulitaji, mwanafunzi wa Kiswahili.

Robeson alizaliwa tarehe 9 Aprili 1898 mjini Princeton, jimbo la New Jersey. Babake alizaliwa mtumwa, akatoroka akiwa na umri wa miaka 15, akasoma na kuwa mchungaji. Mamake alifariki kwa ajali ya moto mwaka 1904. Mwaka 1915 Robeson alipata ufadhili wa kusoma Rutgers, enzi ambapo wanafunzi weusi chuoni humo walikuwa nadra mno, aking'ara masomoni na katika kandanda ya Kimarekani. Shahada ya sheria aliipata Columbia mwaka 1923. Hata hivyo, uwakili aliuacha upesi, baada ya karani mzungu kukataa kuandika imla ya mtu mweusi. Sheria ikapoteza, muziki ukafaidi.

Tarehe 19 Aprili 1925, katika ukumbi wa Greenwich Village Theatre jijini New York, yeye na mpiga piano Lawrence Brown walitumbuiza kwa nyimbo za Wamarekani Weusi peke yake: za kiroho zilizozaliwa utumwani, pamoja na nyimbo nyingine za watu wao. Awali nyimbo hizo zilizoeleka kuwekwa mwishoni, baada ya zile za Ulaya. Safari hii zilikuwa ndizo karamu yenyewe. Mwaka 1929 alizipeleka Carnegie Hall, ukumbi uliofunguliwa mwaka 1891, Tchaikovsky akiwa miongoni mwa walioongoza okestra. Ukumbi huo una viti karibu 2,800 na kuta nene za matofali, na aliyeketi roshani ya juu kabisa humsikia mwimbaji bila kikuza sauti. Sauti nzito ya Robeson ilistahili nyumba kama hiyo.

Alipoishi London, alisoma fonetiki na Kiswahili katika Chuo cha Taaluma za Mashariki kati ya mwaka 1933 na 1934. Wakati huo Jomo Kenyatta alikuwa jijini humo, na wawili hao walifahamiana. Kenyatta hata anaonekana kwa kitambo kifupi katika filamu ya Robeson ya mwaka 1935, Sanders of the River. Filamu hiyo iliishia kuusifu ukoloni, na Robeson aliijutia.

Kwake yeye, suala la nani ameketi wapi halikuwa dogo. Mwezi Februari 1942, jijini Kansas City, aligundua katikati ya onyesho kwamba weusi walikuwa wametengewa viti vyao. Alisitisha uimbaji, akaieleza hadhira kwamba alikuwa akiendelea kwa shingo upande, kisha akaimba nyimbo za kupinga dhuluma. Baadhi ya wazungu waliondoka.

Baada ya vita mambo yaliharibika. Ushabiki wake kwa Muungano wa Kisovieti ulimponza, na ni haki kusema kwamba hakuwahi kuyakemea hadharani maovu ya Stalin. Lakini halikuwa hilo pekee: katika kesi ya pasipoti yake, serikali yenyewe ilitaja harakati zake za kuzipigania koloni za Afrika zipate uhuru. Mnamo Septemba 1949 waliohudhuria onyesho lake karibu na Peekskill walipigwa mawe wakirudi makwao, na zaidi ya 100 wakajeruhiwa. Kumbi zikafungwa mbele yake. Mwaka 1950 alinyang'anywa pasipoti.

Hapa ndipo hadhira ilipoonyesha kwamba nayo ina nguvu. Alipozuiwa kuingia Kanada, chama cha wachimba migodi kilimwandalia onyesho mpakani hasa, penye Peace Arch, tarehe 18 Mei 1952. Robeson alisimama juu ya lori upande wa Marekani, na maelfu wakamsikiliza kutoka pande zote mbili. Kisha ukaja waya wa simu uliotandazwa chini ya Bahari ya Atlantiki mwaka 1956. Sheria ilimkataza mtu kusafiri. Haikusema lolote kuhusu sauti. Tarehe 26 Mei 1957 watu wapatao 1,000 waliketi katika ukumbi wa St Pancras, London, wakamsikiliza akiimba kutoka New York. Mwezi Oktoba mwaka huo ikawa zamu ya wachimba makaa wa Wales huko Porthcawl, watu 5,000, nao wakamwimbia kupitia waya uo huo. Wapo watakaohoji iwapo tukio hilo lafaa kuitwa utendaji wa ana kwa ana. Nionavyo mimi, lafaa: fanani aliimba, akaitikiwa, naye akausikia mwitiko. Kilichokosekana ni mwili wake tu.

Tarehe 9 Mei 1958, kabla hajarejeshewa pasipoti, alirudi Carnegie Hall. Tiketi zote ziliuzwa. Aliimba, akaeleza jinsi nyimbo za mataifa mbalimbali zinavyohusiana, akakariri maneno ya mwisho ya Othello, mhusika aliyewahi kumwigiza London na New York. Mwezi uliofuata Mahakama ya Juu iliamua, katika kesi ya mtu mwingine, kwamba serikali haikuwa na mamlaka ya kumnyima raia pasipoti kwa sababu ya itikadi yake. Kabla ya mwaka kwisha alikuwa ameimba Royal Albert Hall na katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo, London.

Maradhi yalimnyamazisha kuanzia mwaka 1961. Tarehe 15 Aprili 1973 Carnegie Hall ilijaa tena, kuadhimisha miaka 75 ya kuzaliwa kwake. Robeson hakuwepo, alikuwa mgonjwa kwa dadake mjini Philadelphia, alikofariki tarehe 23 Januari 1976. Usiku ule waliohudhuria waliisikia sauti yake kwenye kanda, ikiwasalimu kwa maneno machache, bila wimbo.