Kabla hujang'arisha meno, ulizia kwanza kisima

Msomaji wangu, hivi karibuni mama mmoja aliniletea binti yake wa kidato cha pili. Binti hakuwa anaumwa popote. Kilichowaleta ni meno yake ya mbele, yenye madoa ya kahawia, na tangazo la poda ya kung'arisha meno ambalo mama alikuwa amelihifadhi kwenye simu. Alitaka nimwambie jambo moja tu: poda ile ni salama au si salama? Mimi nikamuuliza binti alizaliwa wapi, na alipokuwa mdogo walikuwa wakichota maji wapi. Mama akanitazama kwa mshangao. Yeye ameuliza habari za meno, daktari anamuulizia kisima.

Swali hilo la kisima sisi madaktari tumelirithi kwa mtu mmoja, na leo nataka nikusimulie maisha yake, kwa sababu ukiyafahamu utajua la kufanya kabla hujatoa fedha yako kwa ajili ya meno meupe.

Aliitwa Frederick McKay. Alizaliwa mwaka 1874 katika jimbo la Massachusetts nchini Marekani, akasomea udaktari wa meno katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, akahitimu mwaka 1900. Mwaka uliofuata alihamia Colorado Springs, mji ulio chini ya mlima Pikes Peak, akafungua kliniki yake. Hakukaa sana akagundua kwamba wenyeji wa mji ule wana meno asiyowahi kuyasoma chuoni. Wengine walikuwa na madoa meupe kama chokaa, wengine meno yao yalikuwa ya kahawia kabisa, rangi ya chokoleti. Alitafuta kwenye vitabu, hakukuta chochote.

Wenyeji wenyewe walikuwa na maelezo yao. Wako waliosema ni kula sana nyama ya nguruwe, wako waliosema ni maziwa mabovu, na wako waliolaumu maji. Madaktari wenzake hawakujali. Kwao doa lilikuwa jambo la kawaida la mji. McKay hakukubali. Kwa miaka mingi alikuwa peke yake na swali lake.

Mwaka 1909 alipata msaada mkubwa. Greene Vardiman Black, mmoja wa mabingwa wakubwa wa meno Marekani wakati huo, alifika Colorado. Awali Black hakuamini kwamba upo ugonjwa wa meno ambao haujaandikwa popote. Lakini uchunguzi wa watoto wa shule ulikuwa umeonyesha kwamba karibu 90 kati ya kila watoto 100 waliozaliwa mjini pale walikuwa na madoa. Black alifanya kazi na McKay hadi alipofariki mwaka 1915, na katika miaka hiyo waligundua mambo mawili ambayo naomba uyashike.

La kwanza: doa lile haliwapati watu wazima. Mtu aliyehamia Colorado Springs meno yake ya ukubwani yakiwa yamekwisha kukomaa alikunywa maji yale yale miaka yote na meno yake yakabaki salama. Walioathirika ni watoto wadogo ambao meno yao ya ukubwani yalikuwa bado yanajengeka ndani ya ufizi. Kwa hiyo kasoro haipo juu ya jino kama masizi juu ya sufuria. Imo ndani ya enameli, lile tabaka gumu la nje, tangu lilipokuwa linaumbwa. Jino huweza kuota likiwa na weupe wa chaki, kisha likaanza kuwa kahawia baadaye, kwa sababu enameli yake ina vitundu vidogo vinavyonyonya rangi.

La pili liliwashangaza wao wenyewe: meno yale yenye madoa yalikuwa hayaozi kirahisi.

Chanzo bado hakikujulikana. Mwaka 1923 McKay aliitwa Oakley, mji mdogo wa jimbo la Idaho. Wazazi wa pale walimweleza kwamba watoto wao walianza kuota meno yenye madoa baada ya mji kuvuta bomba la maji kutoka chemchemi ya maji moto iliyo umbali wa kilomita nane hivi. Alipima maji yale, hakuona kitu cha kutilia shaka. Hata hivyo aliwashauri waliache bomba lile na kutumia chemchemi nyingine. Wazazi wakamsikiliza. Baada ya miaka michache, watoto wadogo wa Oakley waliota meno safi.

Hapo ndipo mimi humheshimu zaidi. Hakuwa na jibu la maabara, lakini aliwasikiliza akina mama na akina baba, akachukua hatua isiyomdhuru mtu. Waliokwisha kupata madoa hawakupona kwa kubadilishiwa maji, ila wadogo zao walinusurika.

Jibu lilitokea mahali ambapo hakulitarajia. Katika mji wa Bauxite, Arkansas, uliokuwa wa kampuni ya kutengeneza aluminiamu, watoto walikuwa na meno ya kahawia, na mji jirani wa Benton, kilomita nane tu kutoka pale, hawakuwa nayo. McKay na daktari wa serikali, Grover Kempf, walikwenda kuchunguza wakaandika ripoti. Ripoti ilimfikia mkemia mkuu wa kampuni, H. V. Churchill, ambaye alihofia watu wataanza kusema aluminiamu ndiyo sumu. Akayapima maji kwa mtambo ambao McKay hakuwa nao, akakuta floraidi nyingi, miligramu 13.7 kwa lita. Hakuamini, akaagiza yapimwe tena. Januari 1931 alimwandikia McKay na kumwomba maji ya miji mingine yenye tatizo lile. Yote yalikuwa na floraidi nyingi. McKay alikuwa amehangaika na swali hilo miaka 30.

Baadaye mtafiti wa serikali, Trendley Dean, alionyesha kwamba floraidi kidogo, kama miligramu moja kwa lita, hukinga meno yasioze bila kuyaletea madoa mabaya. Mwaka 1945 mji wa Grand Rapids, Michigan, ukawa wa kwanza kuongeza floraidi kwenye maji yake. McKay aliyaona hayo yote; alifariki mwaka 1959.

Sasa turudi kwetu. Bonde la Ufa na milima ya volkano imetupa udongo mzuri, lakini pia maji yenye floraidi nyingi: Arusha, Meru, sehemu za Kilimanjaro, Manyara na Singida, na kwa majirani zetu Kenya, maeneo ya Nakuru na Naivasha. Kiwango cha juu kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Binti yule, kumbe, alilelewa na bibi yake kwenye miteremko ya Meru hadi alipoanza shule.

Mtu wa namna hiyo akisugua meno kwa poda, mkaa, majivu au limau, anakwangua enameli ambayo haioti tena. Chini yake kuna dentini, ambayo kwa asili ni ya manjano. Utasugua ukitafuta weupe, upate umanjano na ganzi kila ukinywa maji baridi. Dawa za kung'arisha zenye peroksaidi nazo hufanya kazi kwa namna nyingine, zinaingia ndani ya jino na kuvunja rangi. Doa jepesi la floraidi zinaweza kulipunguza. Lakini penye mabaka ya chaki, sehemu nzima ya jino ikiwa nyeupe zaidi, mabaka huweza kuonekana kuliko mwanzo. Daktari wa kinywa na meno ana njia nyingine: kuondoa tabaka jembamba sana kwa tindikali maalumu, njia ambayo mizizi yake iko Colorado Springs hukohuko, kuziba vitundu kwa utomvu maalumu, au kulifunika jino. Usijaribu tindikali nyumbani.

Na si kila doa ni floraidi. Chai, kahawa, sigara na mirungi hupaka jino kwa nje, na kusafishwa tu na daktari hutosha. Dawa ya maji ya kuongeza damu huweza kuacha weusi kwenye meno ya mtoto. Huo nao hutoka. Dawa aina ya tetrasaiklini, akipewa mjamzito au mtoto wa chini ya miaka minane, huacha mistari ya kijivu au kahawia iliyo ndani. Jino moja tu likiwa jeusi, hasa baada ya kuanguka au kugongwa, huenda limekufa, na linahitaji matibabu ya mzizi kabla ya urembo. Kama una jino la bandia au lililozibwa kwa mbele, jua kwamba hilo halibadiliki rangi, utabaki na meno ya rangi mbili.

Kwa mzazi mwenye mtoto mchanga katika maeneo niliyoyataja, peleka maji yako yakapimwe. Kuyachemsha hakuondoi floraidi. Maji yakipungua sufuriani, yenyewe inazidi kukolea. Maji ya mvua yaliyovunwa vizuri huwa nayo kidogo sana, na kituo cha utafiti cha Ngurdoto, Arusha, kimekuwa kikichuja floraidi kwa mkaa wa mifupa. Magadi ya kulainishia maharage na makande nayo hubeba floraidi, kwa hiyo chakula cha mtoto kipikwe bila magadi. Dawa ya meno usiiache, ila kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu iwe kama punje ya mchele, na umfundishe kutema.

Mama yule alinyamaza kidogo, kisha akaniambia kwamba mdogo wake binti, wa mwaka mmoja na nusu, yuko kwa bibi yule yule sasa hivi. Tuliacha habari za poda, tukampigia bibi simu kumuuliza kuhusu maji.