Luigi Broglio na Darubini Iitwayo Uhuru

Mimi nilidhani darubini za angani hurushwa ng'ambo pekee. Kumbe! Luigi Broglio, profesa Mwitaliano aliyezaliwa 1911, alijenga jukwaa la roketi baharini karibu na Malindi. Pale, jirani na ikweta, mzunguko wa dunia huipa roketi msukumo wa bure. (Kiogoro tuko karibu zaidi na ikweta, lakini vyuma vingetuangukia shambani.) Tarehe 12 Desemba 1970, Waitaliano wake walirusha darubini ya Wamarekani ya kuchunguza eksirei za nyota, ambazo hewa yetu huzizuia. Ilikuwa Jamhuri Dei, basi ikaitwa Uhuru. Ilipata vyanzo 339 vya eksirei. Broglio alifariki 2001. Babu anaikumbuka sikukuu ile, lakini habari za roketi amezisikia kwangu.