Carl Barks, mchoraji aliyetambuliwa kwa mkono wake

Kila mwaka, katika somo la stilistiki, mwalimu hutuwekea mezani kurasa mbili zisizo na jina na kutuuliza kama zimeandikwa na mtu mmoja au na watu wawili. Wengi wetu hubahatisha. Maisha ninayoyasimulia hapa ni ya mtu ambaye wasomaji wake, wengi wao wakiwa watoto, walifaulu mtihani huo bila mwalimu yeyote. Kwa muda wa miaka kumi na saba hivi walisoma hadithi zake bila kujua jina lake. Hata hivyo waliweza kuichukua rundo ya magazeti ya katuni, kuyafungua moja moja, na kusema: hii ni yake, ile si yake.

Carl Barks alizaliwa tarehe 27 Machi 1901 karibu na Merrill, katika jimbo la Oregon, magharibi ya Marekani. Wazazi wake walikuwa wakulima, na majirani walikaa mbali. Alipokuwa mtoto alipata surua ambayo ilimharibia masikio, na kadiri miaka ilivyopita ndivyo uziwi ulivyozidi. Mwaka 1916 mama yake alifariki, na kijana Carl akaacha shule akiwa na miaka kumi na mitano. Shule ilikuwa mbali, masikio hayakumsikilizisha mwalimu, na shambani mikono ilihitajika.

Kazi alizofanya baada ya hapo hazina mpangilio. Alilima, alikata miti, alichunga ng'ombe, alipasha moto misumari ya chuma katika karakana ya reli huko Roseville, California. Alioa, akapata mabinti wawili, ndoa ikavunjika. Wakati wote huo alikuwa akichora usiku na kutuma vichekesho kwa magazeti. Mwaka 1931 gazeti moja la vichekesho vya wanaume, lililotolewa Minneapolis, lilimwajiri, na kwa mara ya kwanza akala kwa kalamu yake.

Mwezi wa kumi na moja 1935 aliingia studio ya Walt Disney huko Los Angeles, kwa mshahara wa dola 20 kwa juma. Aliwekwa kwenye kazi ya chini kabisa: kuchora picha zile za katikati, zinazounganisha mwendo kati ya picha mbili za wachoraji wakubwa. Hakuwa hodari sana katika kazi hiyo. Lakini alitoa wazo la kichekesho kuhusu kiti cha kinyozi kinachofanya kazi chenyewe, ambacho kinamgeuza Donald kichwa chini na kumnyoa upande usiofaa. Wazo likanunuliwa kwa dola 50, naye akahamishiwa idara ya hadithi. Huko ndiko alikojifunza kujenga tukio juu ya tukio mpaka mwisho uanguke wenyewe, na mwanafunzi wa fasihi anayetaka kuelewa kurasa zake za baadaye aanzie hapo.

Mwaka 1942 yeye na mwenzake Jack Hannah walipewa hadithi ya kurasa 64 kuhusu Donald na dhahabu ya maharamia. Waligawana kurasa nusu kwa nusu. Wakusanyaji wa leo wanaita gazeti hilo kwa namba yake tu, Four Color 9, na nakala iliyo katika hali nzuri ni adimu sana. Katika mwezi wa kumi na moja wa mwaka huo Barks aliacha studio. Hewa ya mashine za kupozea ilimsumbua puani, tena vita vilikuwa vimeigeuza studio kuwa kiwanda cha filamu za jeshi. Akaenda mashambani, karibu na San Jacinto, kufuga kuku. Ili apate fedha za kuanzia, aliomba kazi kwa kampuni ya Western, iliyochapisha katuni za Disney. Wakampelekea hadithi fupi ya kurasa kumi kuhusu bustani ya mboga, aichore. Akaichora na kuitengeneza upya. Ilitoka mwezi wa nne 1943 katika namba 31 ya Walt Disney's Comics and Stories. Kuanzia siku hiyo walimwachia aandike mwenyewe, na hakurudi tena kwa kuku.

Hapa lazima nieleze jambo la majina. Sisi tuliokutana na bata hawa kwa Kifaransa tunawajua kwa majina ya Kifaransa: Donald na wapwa zake Riri, Fifi na Loulou, mji wao Donaldville, mjomba wao bahili Picsou. Donald na wapwa watatu walikuwapo kabla ya Barks. Mji ni wake. Gontran mwenye bahati ya kuchukiza ni wake, Géo Trouvetou na ndugu wezi Rapetou ni wake, mchawi Miss Tick pia. Picsou mwenyewe, ambaye kwa Kiingereza ni Scrooge McDuck, alitokea mwezi wa kumi na mbili 1947 katika hadithi moja ya Noeli, mzee aliyejikunja kitini akiwachukia watu wote. Ilikusudiwa atumike mara moja tu. Mwaka 1952 alikuwa tayari ana gazeti lake mwenyewe, na humo Barks alimpa kile ambacho bahili wa vitabu vingine hana, yaani kumbukumbu. Kila sarafu ndani ya ghala lake inamkumbusha mahali alipoipata na jasho alilotoa.

Barks hakuwa amesafiri. Milima, mahekalu, mavazi na mashua alivitoa katika gazeti la National Geographic. Inasimuliwa kwamba ndoa yake ya pili ilipovunjika mwaka 1951 alitoka nyumbani na nguo zake, ubao wa kuchorea na rundo la magazeti hayo. Mwaka 1954 alimwoa Garé Williams, mchoraji wa mandhari, ambaye alimsaidia kuandika herufi na kujaza picha za nyuma. Kwa hiyo kurasa nyingi za miaka hiyo ni za mikono miwili, na wakusanyaji makini hulijua hilo.

Gazeti liliuzwa senti 10. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Walt Disney's Comics and Stories lilipita nakala milioni tatu kwa mwezi. Juu ya kila nakala palikuwa na jina moja tu, la Walt Disney. Barks alilipwa kwa ukurasa, na ukurasa ukishalipwa haukuwa wake tena. Hakupata sehemu ya mauzo, michoro yake ya asili haikurudishwa na mingi iliharibiwa, na barua za wasomaji hazikumfikia. Aliishi akidhani kwamba kazi yake husomwa na kutupwa, jambo ambalo kwa nakala nyingi lilikuwa kweli. Karatasi ilikuwa ya bei ya chini, inageuka njano kwenye jua, na pini za katikati hushika kutu. Nyingine nyingi zilichukuliwa wakati wa vita, karatasi kuukuu ilipokusanywa ili itengenezwe upya.

Lakini kuna watoto waliozihifadhi. Walipokua waligundua kwamba bata wa mchoraji mmoja wana macho yanayofikiri, kwamba maneno yao yamepimwa, kwamba hadithi zake zina hali ya hewa na jiografia. Wakampa jina la kupanga: yule mchoraji mzuri wa bata. Waliandika kwa kampuni wakiuliza ni nani. Mwaka 1960 jina likapatikana, na barua ya kwanza ya msomaji ikafika nyumbani kwa Barks. Alikuwa na miaka karibu sitini. Hakuamini. Alifikiri ni rafiki anamtania, na ilimchukua muda kuelewa kwamba mgeni yule alikuwa na magazeti yake yote, tena amepanga kwa namba na mwaka.

Kitu kinachonifurahisha ni kwamba mtu huyu, aliyeokolewa na wakusanyaji, alikuwa amewacheka wakusanyaji tayari. Katika hadithi ya mwaka 1954 Picsou ananunua sarafu zote za robo dola za mwaka 1916 na kuzimwaga baharini, abaki na moja tu, ili iwe adimu na bei ipande. Halafu ile moja inaharibika, na inabidi ashuke chini ya bahari kutafuta nyingine. Profesa wa uchumi angehitaji saa mbili kueleza jambo hilo hilo.

Sasa nije kwenye jambo ambalo msomaji wa Kongo hawezi kuliruka, na ambalo vitabu vya kumsifu Barks hulipitia haraka. Mwaka 1948 alichora hadithi ya Donald akikamata kipepeo adimu katika Afrika, na kichwa chake kinatuita bara la giza, kama kitabu cha Stanley cha 1890. Iligawiwa bure madukani, ndiyo maana leo ni adimu na ghali. Mwaka uliofuata alichora nyingine: maiti anayetembea, Bombie, anafika mjini kumtafuta Picsou. Sababu ni kwamba zamani Picsou alitaka ardhi ya kijiji kimoja cha Afrika ili apande mpira. Wenyeji walipokataa, alikodi wahuni akawafukuza. Mganga wao akamtuma Bombie alipize kisasi.

Nimeisoma hadithi hiyo mara nyingi. Waafrika wamechorwa vibaya, kwa midomo na macho ya dharau, mpaka matoleo ya baadaye yakabadilisha nyuso. Hilo halina utetezi, hata kama wachoraji wote wa wakati ule walifanya hivyo. Lakini mpira! Barks hataji nchi. Sisi hatuhitaji atutajie. Katika gazeti la watoto wa Marekani, mwaka 1949, utajiri wa shujaa unaonyeshwa kuwa na wizi wa ardhi ndani yake, na mwenye kudai haki ni mganga wa kijiji. Mchoro unawadharau watu ambao hadithi inakiri kwamba walidhulumiwa. Sijaweza kuamua ni kipi kinashinda, na nadhani ndiyo sababu ninairudia. Mwaka 1971 huko Chile, Ariel Dorfman na Armand Mattelart waliandika kitabu kizima dhidi ya bata wa Disney kama chombo cha ubeberu. Hadithi nyingi walizozichambua zilikuwa za Barks, ingawa hakutajwa.

Kwa wenzangu wa tafsiri nitaongeza jina la Erika Fuchs. Kuanzia 1951 mwanamke huyu, daktari wa historia ya sanaa, alitafsiri bata kwa Kijerumani. Aliwapa maneno ya Goethe na Schiller midomoni, kila mmoja na lugha ya tabaka lake. Alikata vitenzi vibaki shina tupu ili kuonyesha sauti na hisia, na Wajerumani wanaandika hivyo mpaka leo. Umbo hilo wanaisimu wao wameliita, kwa utani wa heshima, Erikativ. Huko Schwarzenbach an der Saale alipoishi kuna jumba la makumbusho lake.

Barks alistaafu mwaka 1966, akiwa ametengeneza hadithi karibu 500. Mwaka 1971, kwa ombi la mkusanyaji mmoja, Disney ilimruhusu kuwachora bata kwa rangi za mafuta na kuuza. Wateja walipanga foleni ya miaka. Mwaka 1976 mtu mwingine alichapisha nakala za picha bila idhini, na ruhusa ya mzee ikaondolewa. Ilirudi baada ya miaka kadhaa. Garé alifariki 1993. Mwaka 1994, akiwa na miaka 93, Barks alivuka bahari kwa mara ya kwanza na kuzunguka Ulaya, ambako watu waliokuwa wamesoma bata wake kwa lugha kadhaa walimngoja kwa mistari mirefu.

Alifariki nyumbani kwake Grants Pass, Oregon, tarehe 25 Agosti 2000, akiwa na miaka 99. Magazeti yake ya kabla ya 1960 sasa huuzwa ndani ya mifuko ya plastiki, yamepimwa hali yake kwa pointi, na bado juu ya karatasi hakuna jina lake.