Wu Lien-teh: Tabibu aliyeifanya barakoa kuwa ngao ya msafiri

MNAMO Desemba 24, 1910, daktari wa umri wa miaka 31 alishuka kutoka kwa garimoshi mjini Harbin, katika eneo la Manchuria, kaskazini mashariki mwa China. Alikuwa na hadubini moja na mwanafunzi mmoja wa kumsaidia. Wakati huo wakazi wengi walikuwa wakitafuta njia ya kuuhama mji huo, kwa kuwa ugonjwa usioeleweka ulikuwa ukimuua karibu kila aliyeupata, tena kwa siku chache tu.

Daktari huyo alikuwa Wu Lien-teh. Miezi minne baadaye sifa zake zilikuwa zimevuka mipaka ya China, na kipande cha shashi na pamba alichowavika wauguzi, askari na wazika maiti kilikuwa kimepata heshima miongoni mwa silaha za kupigana na maradhi ya kuambukiza. Barakoa ambayo Wakenya walitakiwa kuivaa katika matatu, mabasi na ndege kuanzia Aprili 2020 ina nasaba inayopitia katika mji huo wa reli.

Wu alizaliwa Machi 10, 1879 katika kisiwa cha Penang, wakati huo koloni la Uingereza na leo sehemu ya Malaysia. Baba yake alikuwa sonara aliyehamia huko kutoka kusini mwa China. Katika mwaka wa 1896 kijana huyo alishinda ufadhili wa masomo uliomfikisha katika Chuo Kikuu cha Cambridge, ambako alikuwa mwanafunzi wa kwanza wa asili ya Kichina kusomea utabibu. Alipata mafunzo zaidi katika hospitali ya St Mary's jijini London, kisha akaendelea na utafiti Liverpool, Paris na Halle nchini Ujerumani.

Licha ya elimu hiyo yote, aliporejea nyumbani mnamo 1903 alikuta kwamba vyeo vya juu vya udaktari katika serikali ya kikoloni vilikuwa vya Waingereza. Alifungua zahanati yake Penang na kujitosa katika kampeni dhidi ya uvutaji wa afyuni, biashara iliyokuwa ikiwatajirisha wengi. Maadui hawakukosa. Zahanati yake ilipekuliwa, ikapatikana na kiasi kidogo cha dawa iliyotengenezwa kwa afyuni, naye akashtakiwa na kutozwa faini. Mnamo 1908 alikwenda China kuwa naibu mkuu wa chuo cha mafunzo ya madaktari wa jeshi mjini Tianjin. Alikuwa bado akifundisha huko wakati serikali ilipomtuma Harbin.

Ugonjwa uliokuja na reli

Maradhi hayo yalikuwa yamezuka kwanza Manzhouli, mji wa mpakani karibu na Urusi, mnamo Oktoba 1910. Huko kulikuwa na wawindaji wa tarbagan, mnyama wa jamii ya kindi anayechimba mashimo ardhini na ambaye ngozi yake ilikuwa imepanda bei katika masoko ya ng'ambo. Tamaa ya faida ilikuwa imewavuta maelfu ya vibarua wasio na uzoefu. Wawindaji wenyeji walijua kumwepuka mnyama aliyedhoofika, ilhali wageni walimkamata yeyote aliyewapitia mbele. Usiku walilala wakiwa wamesongamana katika nyumba za wageni ambazo madirisha yake yalizibwa kwa sababu ya baridi kali.

Kutoka hapo ugonjwa ulipanda garimoshi. Reli ya Warusi iliufikisha Harbin, na reli ya Wajapani ikaupokea kuelekea kusini. Mwaka mpya wa Kichina ulikuwa umekaribia, na vibarua walikuwa wakirudi makwao kwa wingi kama ilivyo ada ya kila mwaka. Kila behewa lililojaa abiria lilikuwa chumba kisicho na hewa ambamo mgonjwa mmoja aliweza kuwaambukiza wenzake kabla ya kufika kituo kilichofuata.

Siku tatu baada ya kuwasili, Wu alipasua kwa siri maiti ya mwanamke aliyekuwa akiendesha nyumba ya wageni. Upasuaji wa maiti ulikuwa jambo la kuchukiza mno katika mila za Wachina wa wakati huo. Chini ya hadubini alikiona kile alichokishuku: vijidudu vya tauni vilivyojaa katika mapafu.

Tauni yenyewe haikuwa ngeni duniani. Hata Nairobi, mji uliokuwa umezaliwa na reli miaka michache tu awali, ililiteketeza soko lake la Wahindi mnamo 1902 kwa sababu ya maradhi hayo. Lakini tauni ambayo madaktari wengi waliifahamu ilikuwa ile ya mitoki, inayoenezwa na viroboto wa panya. Kwa hiyo dawa iliyokuwa ikihimizwa kila mahali ilikuwa kuwaua panya. Wu alitoa kauli tofauti. Alisema kwamba tauni hii ilikuwa ya mapafu, na kwamba ilikuwa ikipita kutoka kwa mtu hadi kwa mtu kupitia pumzi na kikohozi. Ikiwa hivyo ndivyo, basi mahali pa kuizuia palikuwa puani na mdomoni.

Gharama ya kutosadiki

Wengi hawakumsadiki. Alikuwa kijana, alikuwa Mchina aliyelelewa ugenini, na Kichina chenyewe hakukizungumza vizuri. Miongoni mwa waliompinga alikuwamo Gérald Mesny, daktari Mfaransa aliyemzidi umri na uzoefu na ambaye aliwahi kukabiliana na tauni kwingineko. Mesny aliona kwamba uongozi wa kazi hiyo ulimstahili yeye. Mabishano yao yalifikia kiwango cha Wu kuitumia serikali barua ya kujiuzulu. Serikali iliamua kumwacha Wu katika wadhifa wake.

Mapema Januari 1911, Mesny aliingia katika hospitali ya Warusi mjini Harbin na kuwapima wagonjwa wa tauni bila kufunika uso. Siku chache baadaye alianza kukohoa. Mnamo Januari 11 alifariki dunia.

Habari za kifo hicho ziliutetemesha mji. Ikiwa bingwa wa Ulaya aliyekuwa ameizoea tauni ameanguka kwa kuidharau barakoa, nani angejiona salama? Baada ya hapo karibu kila mtu aliyeonekana barabarani alikuwa amevaa barakoa ya namna fulani. Huo ulikuwa ushindi wa Wu, ingawa ulikuja kwa msiba wa mwenzake.

Shashi, pamba na mikanda mitatu

Barakoa haikubuniwa na Wu. Madaktari wa upasuaji barani Ulaya walikuwa wameanza kuivaa mwishoni mwa miaka ya 1890 ili mate yao yasidondoke katika vidonda vya wagonjwa. Alichokifanya Wu ni kuibadilishia kazi na umbo. Yake ilikusudiwa kumkinga aliyeivaa asivute hewa iliyobeba maradhi, ivaliwe nje ya chumba cha upasuaji, na itengenezwe na mtu yeyote.

Alichukua utepe mrefu wa shashi, akaukunja na kuweka kipande kinene cha pamba katikati. Ncha zote mbili za shashi zilipasuliwa kuwa mikanda mitatu. Mkanda wa juu ulifungwa nyuma ya kichwa, wa chini ukazunguka shingo, na wa katikati ukapitishwa utosini ili barakoa isiteleze. Kwa namna hiyo iliushika uso vyema hata kwa mtu aliyekuwa akiinama, akibeba machela au akipanda behewa katika upepo mkali. Vifaa vyake vilikuwa vya bei nafuu na vilipatikana katika duka lolote la dawa.

Hata hivyo, Wu aligundua mapema kwamba kuwa na barakoa ni jambo moja na kuitumia ni jambo jingine. Aliwaona watu walioziacha zikining'inia masikioni, na wengine waliozivaa shingoni mithili ya hirizi. Kwake yeye, kitambaa kisichofunika pua na mdomo kilikuwa mzigo usio na faida.

Wala hakuitegemea barakoa peke yake. Mtaa wa Fujiadian, ambako Wachina wengi wa Harbin waliishi, uligawanywa katika sehemu nne, na wakazi wa kila sehemu wakavaa beji ya rangi yao mkononi. Aliyetaka kwenda sehemu nyingine alihitaji kibali. Mabehewa ya mizigo, yaliyoazimwa kutoka kwa Warusi, yaligeuzwa kuwa makao ya karantini kwa waliokuwa wamekaribiana na wagonjwa. Safari za vibarua kuelekea kusini zilisimamishwa, na wanajeshi wakawekwa kuwazuia waliojaribu kupenya. Chombo kilichokuwa kikisafirisha tauni sasa kilitumiwa kuifunga mlango.

Kulisalia jambo zito zaidi. Ardhi ilikuwa imeganda kwa baridi, na maiti zaidi ya 2,000 zilikuwa zimerundikana bila kuzikwa. Kuchoma maiti kulikuwa kinyume cha heshima ambayo Wachina huwapa wazee wao waliotangulia. Wu aliandika kuomba idhini ya mfalme, akaipata, na mwishoni mwa Januari 1911, wakati familia zilipokuwa zikiukaribisha mwaka mpya, miili hiyo iliteketezwa. Tangu hapo idadi ya vifo ilianza kupungua. Mnamo Machi 1 mgonjwa wa mwisho Harbin aliandikishwa. Kufikia wakati huo tauni ilikuwa imeua takriban watu 60,000 kote Manchuria na maeneo jirani.

Mwezi wa Aprili, wataalamu kutoka mataifa 11 walikutana mjini Mukden, ambao sasa huitwa Shenyang, katika kongamano la kimataifa kuhusu tauni. Mwenyekiti alikuwa Wu, yule ambaye koloni alikozaliwa lilimnyima cheo.

Heshima na masaibu

Baada ya hapo Wu aliongoza idara ya kuzuia tauni Manchuria kwa miaka mingi. Tauni ya mapafu iliporejea mnamo 1920 na 1921 iliua watu zaidi ya 9,000, idadi ndogo sana ikilinganishwa na ile ya awali. Alishiriki kuanzisha chama cha kitaifa cha madaktari wa China, akajenga hospitali, na kuanzia 1930 akasimamia huduma ya karantini katika bandari za nchi hiyo, kazi iliyoirudishia China mamlaka ya kuwakagua wasafiri waliokuwa wakiingia kwake. Jina lake lilipendekezwa kwa Tuzo ya Nobel ya tiba mnamo 1935, ingawa hakuipata.

Vita vilimvurugia maisha. Wajapani waliwahi kumkamata mnamo 1931 wakimshuku kuwa jasusi. Walipoivamia Shanghai mnamo 1937 aliyaacha yote na kurudi Malaya, akafungua zahanati ya kawaida mjini Ipoh. Huko, mnamo 1943, alitekwa na wapiganaji wa msituni waliodai fidia kabla ya kumwachilia. Aliendelea kuwatibu watu hadi uzeeni, akachapisha kitabu cha maisha yake mnamo 1959, na akafariki Penang Januari 21, 1960 akiwa na umri wa miaka 80.

Somo lililorudi

Miaka 60 baada ya kifo chake, dunia nzima ilijikuta katika hali aliyoifahamu. Kenya ilithibitisha mgonjwa wake wa kwanza wa Covid-19 Machi 13, 2020, na mwezi uliofuata kanuni zikamtaka kila mtu avae barakoa mahali pa umma na katika vyombo vya usafiri. Aliyekiuka angeweza kutozwa faini ya hadi Sh20,000 au kufungwa miezi sita. Amri hiyo iliondolewa Machi 2022.

Katika kipindi hicho ilidhihirika tena kwamba barakoa hazilingani. Ile ya kitambaa, ambayo Shirika la Afya Duniani lilipendekeza iwe na tabaka tatu, huweza kutumiwa tena na tena mradi ifuliwe kila siku kwa sabuni na maji ya moto, kisha ikaushwe kabisa. Ile nyepesi ya hospitalini hutumiwa mara moja na kutupwa, kwani ikifuliwa huharibika. Ile aina ya N95, inayoshika uso barabara, haifuliwi pia, kwa sababu nyuzi zake hunasa chembechembe kwa nguvu za umeme tuli, na sabuni au spiriti huziondoa nguvu hizo. Anayelazimika kuirudia huihifadhi katika mfuko wa karatasi ipate kukauka, na huitupa inapolowa, inapochafuka au mikanda yake inapolegea. Barakoa yenye vali humruhusu aliyeivaa kuwapulizia wengine pumzi isiyochujwa, na ndiyo sababu mashirika kadhaa ya ndege yaliikataa mnamo 2020.

Msafiri wa safari ndefu alihitaji barakoa zaidi ya moja, mfuko safi wa zile ambazo hazijavaliwa na mwingine wa zilizotumika, pamoja na uangalifu wa kushika mikanda pekee anapoivua. Wengi walilizingatia hilo. Lakini katika matatu nyingi walionekana pia abiria ambao barakoa zao zilikaa kidevuni, zikapandishwa puani pindi kizuizi cha polisi kilipotokea mbele, na kuteremshwa tena kikishapitwa. Wu alikuwa amewaona watu wa aina hiyo katika barabara za Harbin, na alijua kwamba maradhi hayangojei kizuizi cha polisi.